Wazo Kuu la Habari ya Maji

Dina,

Kisamvu kipo jikoni, pasha moto. Maji ya kwenye dumu ni ya kunywa, usiyaogee. ~~Leo siendi darasani.~~ Nimekwenda kanisani, kisha darasani kwetu watu wazima.

Asubuhi ulilicheka jibu langu la ufahamu wa ile habari ya maji mbele ya baba yako: "Mama naye, wazo kuu ni bomba kufika kijijini. Huyo mwanamke aliyeanguka na ndoo mteremkoni ni mfano tu."

Nimesoma tena. Ni kweli, aya ya kwanza inataja bomba, na ya mwisho inalirudia. Ila mama yangu alifia kwenye mteremko kama ule, ana ndoo kichwani, wewe hujazaliwa. Ndiyo maana nilipigia mstari pale mwanamke anapoanguka.

Nimeandika bomba, kama inavyotakiwa. Kabla ya kula, mwombee bibi yako.

Mama