Poda Ikae Hadi Jioni

Jumatatu, 12 Juni 1978

Upepo tena. Umeanza tangu alfajiri, na vumbi lake. Kutoka nyumbani Mazwi mpaka ofisini nimefika kama mtu aliyetoka kupura ulezi. Poda haikuvuka saa nne. Nilijifungia chooni na kioo changu kidogo — shavu la kushoto liko wazi, baka lipo pale pale. Si kubwa. Limepauka kuliko ngozi yangu, kingo zake zimeinuka kidogo. Lilianza wakati wa mvua. Nikasema ni baridi. Huku Ufipa kila mtu anapauka, hata wenyeji.

Lakini baridi haichagui shavu moja.

Poda ninayo. Ile ya kahawia niliyoletewa kutoka Tunduma, rangi yangu kabisa. Shida si poda. Shida ni kuifanya ikae. Mchumba wangu Isakwisa kaandika kwamba shangazi zake wawili watatoka Tukuyu mwezi ujao kuja kunitazama, kabla mshenga hajaenda kwa baba. Watanitazama usoni. Watatazama nini kingine?

Jumatano, 14 Juni

Nimejaribu mafuta ya mgando chini ya poda. Vumbi lote la mji likaja kukaa kwangu. Jana ute wa yai. Ulishika kweli, ila ulikauka ukanivuta ngozi, nikicheka unapasuka kama udongo wa kiangazi. Sikucheka siku nzima. Bwana Polikarp, mkuu wetu wa ofisi, akaniuliza kama jino linaniuma. Halafu akaongeza lake, mbele ya wenzangu: kwamba Ndugu Sekela ni mpiga chapa mzuri, lakini mfanyakazi wa nchi ya kijamaa haji kazini amejipaka kama anakwenda dansini. Nikasema sawa, Ndugu. Nikaendelea kupiga chapa. Angejua.

Leo maji ya sukari. Mtu asije akathubutu. Nzi!

Cornelia alinicheka mpaka akaacha kushona. Yeye ndiye jirani yangu, fundi cherehani, chumba chake na changu vinatazamana uani, huu mwaka wa tatu. Mumewe alikwenda Mpanda kutafuta kazi, hakurudi. Ana binti mmoja, Albina, wa miaka sita. Albina ananiita mama mdogo. Usiku wa baridi anahamia kitandani kwangu kwa sababu chumba changu hakipitishi upepo, na mimi nina blanketi mbili.

Cornelia anadhani najipamba kwa ajili ya shangazi tu. Baka kaliona. Analiita choa.

Jumamosi, 17 Juni

Tumepata!

Kwa Flavian dukani kulikuwa na gliserini, chupa ndogo, ya wenye midomo iliyopasuka. Cornelia ndiye aliyefikiri. Maji yaliyochemka yakapoa, gliserini kidogo sana, na tone la marashi ili nisinuke kama mgonjwa. Gliserini ikizidi uso unang'aa na kunata. Ikipungua, yanakuwa maji ya bure. Tumekosea mara mbili, tukapatia.

Kisha, namna ya kuyatia. Nilichovya pamba nikajigusa — poda yote ikaondoka na pamba. Kwa vidole ndiyo mbaya zaidi, inafanya mistari. Cornelia alinitazama akatikisa kichwa. Akaninyang'anya kikombe. Akaniambia nisimame, nifumbe macho. Akajaza mdomo akapuliza, vile vile anavyopulizia nguo maji kabla ya kupitisha pasi ya mkaa. Sikusikia hata tone. Ni ukungu tu, wa baridi, ukanikaa uso mzima.

Siri ni umbali. Akiwa karibu, matone yanateremka. Akisimama mbali kama urefu wa mkono, yanatua sawasawa. Halafu usiguse, usifute, usiongee mpaka yakauke. Poda nyingine nyembamba juu. Anapuliza tena. Basi.

Albina naye akataka. Akapuliziwa, akakimbia uani anapiga kelele.

Jumatatu, 19 Juni

Imekaa mpaka jioni. Upepo ulikuwa ule ule, na nilitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Nimerudi, nimetazama kioo — uso mmoja. Rangi moja. Nilikaa nao muda mrefu. Nilikuwa nimesahau uso wangu ulivyo.

Cornelia kasema kila asubuhi nipite kwake kabla hajawasha pasi.

Jumamosi, 24 Juni

Isakwisa amekuja. Yeye ni bwana samaki, afisa wa uvuvi kule Kabwe ziwani, akipata gari la kupanda huku anakuja na samaki, migebuka mikavu, kwenye kikapu. Tulikaa barazani. Alikuwa na furaha, anazungumza habari za shangazi zake, mkubwa ndiye mkali, mdogo anapenda kuchekeshwa. Mimi nilikuwa namwangalia Albina akiruka kamba.

Nikamsikia Isakwisa anacheka. Nikageuka. Kidole chake kilikuwa shavuni kwangu.

Alisema alikuwa ananigusa muda wote huo, anangoja nigeuke. Akauliza, "Umeninunia, au?"

Nikasema nilikuwa na mawazo. Nikacheka pia. Poda haikutoka hata kidogo, akatazama kidole chake kisafi akanisifu. Kasema wasichana wengine poda yao humchafua mtu shati.

Sikukihisi. Kidole cha Isakwisa, shavuni kwangu. Sikukihisi.

Jumapili, 25 Juni

Sikwenda ibadani. Nimechukua sindano ya Cornelia. Nje ya baka — inauma. Ndani — damu imetoka, na hakuna kitu.

Alhamisi, 29 Juni

Nimeomba ruhusa ofisini, nikasema tumbo. Nimekwenda zahanati ya mbali, si ya hapa mjini ambako wananijua. Tabibu anaitwa Urbano, mtu mzima, mpole, ana haraka. Aliniambia ninawe uso kwanza. Nikanawa. Mara ya kwanza mtu kuniona hivyo mchana tangu tupate ile dawa yetu.

Akachukua uzi wa pamba. Nifumbe macho, akinigusa nionyeshe kwa kidole alipogusa. Nikaonyesha kidevu. Nikaonyesha paji la uso. Kisha nikangoja. Nikadhani ameondoka, nikafumbua macho. Uzi ulikuwa juu ya baka.

Akanishika nyuma ya sikio, akabonyeza shingo, akanikagua viwiko, mikono, miguu. Hakuzungukazunguka. "Ni ukoma, dada. Umewahi. Unapona."

Nimeandika neno lenyewe. Basi lipo.

Amenieleza mengi, nimeshika machache. Kwamba wangu ni ule wa baka moja, ambao hauambukizi kirahisi. Kwamba vidonge ni vya kila siku, kwa miaka, nisiruke. Kwamba nikiacha, ganzi itatembea, na jicho la upande ule linaweza kukataa kufumba. Nikamwuliza kama naruhusiwa kupaka poda. Alinitazama kwanza. Akasema poda haidhuru ngozi, inadhuru macho ya wanaokutazama, hawaoni mapema. Kisha akauliza naishi na nani. Nikasema peke yangu. Akauliza tena, mtu wa kulala naye chumba kimoja, mtoto? Walio karibu nami lazima awaone, hasa watoto, kwa sababu haijulikani mimi nilipata kwa nani na lini.

Nikasema hakuna mtoto.

Jumatatu, 3 Julai

Vidonge nimevificha kwenye debe, chini ya unga. Nimemeza siku zote. Vinanitia kichefuchefu, au ni hofu.

Albina alikuja jana na mto wake mlangoni. Nikamwambia nina kikohozi, alale kwa mama. Akasema hajanisikia nikikohoa. Nikakohoa. Alikaa mlangoni kidogo, akarudi.

Asubuhi Cornelia ananipulizia kama kawaida. Mdomo wake na uso wangu, urefu wa mkono. Nafumba macho. Nikifumbua namwona anajifuta mdomo kwa kiganja, anatabasamu, ameridhika na kazi yake. Kila siku nasema leo.

Jumatano, 5 Julai

Nilianza. Nilikwenda kwake jioni, nikakaa kwenye kigoda. Nikasema, Cornelia, lile baka. Akanikatiza, akasema nisiwe na wasiwasi, shangazi hawataliona. Halafu akanihadithia habari ya mjomba wake Gaudensi. Alikuwa na ukoma. Walimjengea kibanda ng'ambo ya mashamba, bibi yake akawa anamwekea chakula juu ya jiwe na kuondoka kabla mjomba hajaja kuchukua. Cornelia alikuwa mtoto, alimwona kwa mbali tu, anapunga mkono. Alipokufa walichoma kibanda na kila kilichokuwamo.

Alikuwa anahadithia tu, huku anatunga uzi. Sijui kwa nini leo hii. Labda anajua. Labda hajui kabisa.

Nikasema usiku mwema.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma, hotuba, vumbi. Poda ilikaa.

Shangazi wamefika kwa basi, wamelala kwa ndugu yao kule Milanzi. Kesho mchana wanakuja hapa. Cornelia amechinja jogoo wake mwenyewe. Hataki nimlipe. Amesema mimi sina mama hapa, yeye ndiye mama.

Jumamosi, 8 Julai

Naandika nimesimama. Wamekuja. Wako barazani kwa Cornelia, nawasikia, mkubwa anauliza habari za njia na za mahindi. Isakwisa anacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Nimepakwa, nimepuliziwa, nimekauka. Nangoja kuitwa nikawasalimu.

Cornelia alimshonea Albina gauni jipya lisilo na mikono. Atashika taulo wageni wakinawa. Sasa hivi Cornelia ameingia naye hapa kwangu. Akamgeuza mtoto, akanionyesha bega lake kwa nyuma. Kadoa. Kamepauka, kadogo. Akasema, "Naona naye amepata choa. Mpake kidogo ile poda yako, nami nitapulizia. Wasiseme tunakaa wachafu." Akatoka kwenda kuchukua maji.

Inaweza kuwa choa. Watoto wote wana choa. Kadoa kana magamba kidogo, au ni mwanga wa dirisha.

Nilichomoa uzi kwenye pindo la gauni langu. Nikamwambia Albina afumbe macho, tunacheza, nikimgusa aonyeshe alipoguswa. Nikamgusa kisigino. Akaonyesha, akacheka. Nikamgusa shingo. Akaonyesha.

Nikamgusa begani.

Amesimama wima, macho ameyakaza kuyafumba, anangoja kwa hamu. Nimepitisha uzi tena. Polepole, kutoka ukingo hadi ukingo.

Akasema, "Anza basi, mama mdogo."

Cornelia amerudi. Yuko mlangoni, mashavu yamejaa maji, hawezi kusema. Ananionyesha kwa mkono nifanye haraka, nitie poda.