Wanasema Mume Wangu Ametolewa Katika Ufalme

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba unishike mkono maana nimefika mahali sijui tena nimwamini nani. Mimi ni mshonaji wa sare kiwandani, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, milango na madirisha yote ya kanisa letu ni kazi ya mikono yake, na alikuwa anaimba, Shangazi, anaimba mpaka majirani wanazima redio, halafu mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza, tukadhani ni moshi wa kazini, kumbe ni saratani ya koo, na sasa hamezi ila vitu vya majimaji na anaongea kwa kunong'ona.

Mchungaji wetu anafundisha kwamba mtu wa ufalme wa Mungu ana baraka zake, na ya kwanza ni afya, mtoto wa mfalme haugui akabaki anaugua, basi tulifunga, tukaombewa, akapakwa mafuta, lakini alivyozidi kukonda ndivyo watu walivyopungua nyumbani kwetu, wakaacha hata kupiga simu, mwisho wakasema kuna dhambi ameificha. Jumapili wakamweka mbele kwenye kiti, mchungaji akampa kipaza sauti, akasema, "Ndugu, toa kilicho ndani ili baraka zako zirudi." Mume wangu akanong'ona, "Sina nilichoficha. Nilishatubu, nikasamehewa. Mimi ni mtoto wa Mungu, na ninaumwa." Mchungaji akamnyang'anya kipaza sauti. "Huyu," akasema, "amejitoa mwenyewe katika ufalme."

Tulipotoka, dada yangu, ambaye ni kiongozi wa akina mama, akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, ondoa watoto mle nyumbani kwako kabla laana haijawagusa." Na mimi nikawaondoa. Nilipokuwa nafunga mizigo mume wangu ananiangalia tu kutoka kitandani, nikangoja anitukane, nilitamani anitukane, yeye akasema, "Usisahau sweta ya mdogo, asubuhi kuna baridi." Sasa tuko kwa dada, mgonjwa anaangaliwa na jirani yetu kinyozi, na kinachonimaliza ni kwamba kinyozi anasema mume wangu analia kwa maumivu, lakini yakipungua kidogo anaomba, anatutaja mmoja mmoja, na kumwombea mchungaji pia, hana kinyongo. Mimi niliye mzima ndiye sina amani. Je, ni kweli baraka zimemtoka? Nikirudi, nitawaponza watoto?

Mke wa fundi

*

Mke wa fundi, pole, mwanangu. Pole kwa yote, na pole zaidi kwa aibu waliyowafanyia mbele za watu. Sasa kaa chini nikugombeze.

Umemwachia kinyozi mume anayekufa! Huyo kinyozi Mungu amzidishie, lakini si yeye aliyekula kiapo na mumeo. Unasema unawalinda watoto. Unajua wamejifunza nini wiki hii? Kwamba baba akiugua, anahamwa.

Unauliza kama baraka zimemtoka. Barua yako ina jibu, ila uliiandika bila kujisikiliza. Mtu hamezi, sauti imekwisha, ameaibishwa kwenye kanisa alilolitengenezea milango, mke ameondoka na watoto, na bado anamwita Mungu Baba na kumwombea aliyemfukuza. Unadhani hayo ameyatoa wapi? Hizo ndizo baraka zenyewe: kusamehewa na kujua kwamba umesamehewa, kuwa na Baba wa kumwita ukiwa hoi, amani hata mwili unapokwisha, na tumaini kwamba kaburi halitakuwa na neno la mwisho. Ufalme huo haumo mfukoni mwa mchungaji wako. Si yeye aliyemwingiza mumeo, hana uwezo wa kumtoa. Kristo mwenyewe alikufa kwa uchungu, watu wakimcheka. Kwa mafundisho ya kanisa lenu, naye alikosa baraka?

Sitakudanganya. Huenda mumeo asipone. Kwa hiyo rudi leo, na watoto. Nenda hospitali udai dawa ya maumivu, usibanduke pale mpaka wakupe, kwa sababu mwenye amani naye anaumwa, na usimgeuze shujaa ili wewe upate nafuu. Dada yako mwambie unampenda, lakini akija kwako aje kumwogesha shemeji yake, mambo ya laana ayaache mlangoni. Kanisa hilo hama. Tafuta Wakristo wanaojua kukaa na mgonjwa bila kumhoji. Na ukifika, mwombe mumeo msamaha kwa sentensi moja, kisha umpe maji. Hana nguvu za kusikiliza hotuba.

Jibu hili sikungoja lichapwe, maana mgonjwa hasubiri gazeti. Nilikupigia nikakusomea, ukalia mpaka simu ikakatika. Jana ukanipigia wewe. Ulikuwa umesharudi, na dawa umepata, ila sauti yake imekatika kabisa, hata kunong'ona hawezi. Nikakuuliza kama amekusamehe. Ukasema hukujua uanzie wapi, ulisimama tu mlangoni na mizigo, naye akajikokota taratibu mpaka upande wa ukutani, akakuachia nafasi yako kitandani.

Basi, mwanangu, lala hapo.