Rukia Hakupata Kukuaga

Dada yangu mpenzi,

Unakumbuka ile siku ulipolala kitandani kwangu hapa Malindi, miguu imevimba hata viatu vikakataa kuingia? Binti yako Rukia alikuwa uani akimsuka mwanasesere wake. Ukanishika mkono, ukasema, "Mtoto asijue. Niapie." Nikaapa. Wewe ni mkubwa wangu, ningekukatalia vipi?

Basi kila tuliporudi kutoka hospitali ulikosafishwa damu, tulimwambia, "Mama ana homa ndogo tu." Nawe ukimtania, ukimnyang'anya mahamri yake. Siku uliyoondoka moja kwa moja, mwanao bado alikuwa akingoja homa ndogo ipoe.

Tangu hapo akauogopa mwili wake. Kila asubuhi alijibonyeza miguu kwa kidole gumba, kama alivyomwona muuguzi akikubonyeza wewe, akitazama kama shimo litabaki, kama lilivyobaki kwenye miguu yako. Kila alipopiga chafya aliniuliza, "Mama mdogo, na hii inaua?" Nami nikimkemea asijitabirie mabaya. Daktari alimpima, akamkuta mzima. Hakuamini.

Kisha akapatwa na homa madrasani. Mwalimu wake akambembeleza, "Ni homa ndogo tu, mwanangu." Mtoto akapiga ukelele hata majirani wakatoka nje. Hapo ndipo nilipofahamu, dada. Kwa maneno yale tulimtia sumu sisi.

Nikamkalisha mkekani, nikamweleza yote: figo zako, mashine, ile siku ya mwisho. Nikamwambia ugonjwa wako haukuwa mafua wala homa, na kwamba yeye figo zake ni nzima.

"Mama alijua atakufa?"

"Alijua."

"Na wewe?"

"Nami nilijua."

"Mbona hamkuniambia nikamuaga?"

Siku nyingi hakutaka chakula cha mkono wangu.

Hata mchana mmoja akaja, akaninyooshea mguu. "Tazama na wewe." Zamani ningeuondoa mkono wake. Safari hii nilibonyeza, tukatazama pamoja, nikamuuliza yeye anaona nini. "Sioni kitu," akasema. Tukakaa vivyo hivyo hadi pumzi zake zikatulia. Hofu haijamtoka, lakini sasa akiipata huja nayo kwangu, na mimi simnyamazishi.

Watu hunisifu kwa kumlea, na sifa zao zinanichoma. Kati yenu wawili nilikuchagua wewe, kwa sababu wewe uliomba, na yeye hakujua kwamba kuna kitu cha kuomba. Kisha kiapo chenyewe nikakivunja, wewe ukiwa huwezi tena kunikataza.

Juzi baada ya swala ya alasiri nilimsikia chumbani akizungumza peke yake. Alikuwa akikusimulia habari za shule. Alipomaliza akasema, "Haya mama, kwaheri." Nilisimama nyuma ya mlango, sikuthubutu kuingia.

Niwie radhi, dada. Mola akulaze pema.

Mimi mdogo wako