Kibuyu cha Maji

Basi mkwe wangu akanikuta barazani nimepakata kibuyu, nakisuka taratibu kama cha maziwa, chubu, chubu, na ndani maji matupu. Akamwita jirani, "Njoo uone samli ya Miembeni." Wakacheka mpaka kanga zikawadondoka.

Mwanangu ameinua kalamu, anasema sijakusalimu. Haya, Kokugonza mdogo wangu, hujambo? Goti je? Na yule ng'ombe mweusi amezaa? Mwanangu anaandika ninavyosema, na pale ninapomsema mke wake nimemkataza kuruka.

Wewe unajua nilivyotoka huko Muleba. Tangu tumzike mume wangu kifua kilinibana, usingizi sipati, pumzi inaishia hapa kooni. Nikaja mjini kwa mwanangu, hapa Miembeni, nipoe. Kumbe meli ikipiga honi moyo unaruka, malori ya kahawa ndiyo usiseme. Dawa nimekunywa, chungu kuliko yale majani aliyokuwa akitunywesha bibi, unakumbuka ulivyomtemea? Mwanangu akaanza kusema heri anirudishe. Nikaona ananirudisha nikafie huko.

Ndipo nikakumbuka, wakati nasuka maziwa huko nyumbani sikujua hofu. Hata nzige walipokula shamba. Hapa ng'ombe sina, nikatia maji. Kibuyu kikienda mbele navuta pumzi, kikirudi naiachia, mgongo unakwenda nacho, nasikiliza maji tu. Kwanza nililia, mkeka ukalowa. Halafu nikalala mchana kutwa, mkwe akaja kunigusa kama bado mzima.

Sasa nalala, Kokugonza. Pumzi inashuka mpaka tumboni. Meli inapiga honi, mimi nasuka tu. Ndizi namaliza, naomba nyingine. Ni kile kile kibuyu cha mama yetu, ulichoniuliza nakipeleka mjini nikamkamue Mzungu gani.

Hata yule jirani aliyecheka, mumewe kaenda kazini Uganda na hana habari zake, juzi kaja na kibuyu, anajifanya anaomba chumvi. Tunasuka wawili. Nimemwambia afunge mdomo asikilize maji. Hapo kwenye mdomo ndipo panapomshinda.

Mkwe ndiye bado ananicheka. Ana mimba ya kwanza, tumbo limeshuka, siku zimekaribia, na anaogopa. Namwona anavyoshika ukuta, pumzi juu juu kama yangu ya zamani. Kibuyu nakiacha pale mlangoni akione.

Msalimie mumeo na kikohozi chake. Msalimie mke wa kaka, yule aliyeninyima jembe, mwambie nimesahau. Na shangazi wa Kitendaguro akipita kwako mwambie sijafa, aache kuulizia nguo zangu. Ni mimi dada yako, mzima kabisa.

Ngoja. Mkwe anaita huko ndani.

"Mama, njoo. Njoo na kibuyu."

Umemsikia? Na huyu mwanangu kasimama, anataka kukimbilia ndani na kalamu yake. Kaa chini, baba. Vuta pumzi. Andika kwamba nimekwenda.