Kilomita za Tisheti

Jumanne, baada ya chakula

Na ile mbio niliyofuta kwenye telefone hairudi. Nimejaribu tangu saa nane.

Sababu ni tisheti. Klabu ya mbio ya marehemu bwana yangu inataka kuvaa picha yake siku ya kumaliza kilio, na chini yake waandike jumla ya kilomita alizokimbia. Leo rafiki yake Mutombo amekuja, akaona kwenye telefone ya bwana yangu kila mbio imeingia mara mbili: moja ya montre, saa yake ya mkononi, moja ya telefone yenyewe. Akaniambia:

"Mama, futa zote za telefone. Tukiandika hivi, tutadanganya bantu."

Nikafuta zote bila kuangalia.

Alipoondoka nikafungua mbio ya mwisho, ile ya barabara ya Mutoshi. Montre hujizima mtu akisimama, kwa hiyo imeikata vipande viwili. Cha kwanza kinaishia pale alipoanguka, karibu na nyumbani. Cha pili kinaanza pikipiki ilipotubeba kwenda hospitali, na kimeandikwa kuwa mbio yake ya kasi kuliko zote.

Telefone haikujizima. Yenyewe ilishika hata zile dakika kumi na moja za katikati, kichwa chake kwenye mapaja yangu, tukingoja pikipiki. Nukta moja kwenye ramani, haisogei. Mi mwenyewe nimeifuta.

Nimebonyeza "unganisha" kwenye vile vipande viwili vya montre. Sasa inaonyesha alikimbia mpaka hospitali bila kusimama.

Nimemtumia Mutombo jumla, na kilomita za pikipiki zimo ndani. Amejibu: "Sasa ni sawa, mama."