Nimekatazwa Lavenda Yangu Kazini

Mpendwa mshauri Mama Gaudiosa,

Naomba msaada kabla sijamtolea mtu maneno nisiyoweza kuyarudisha. Mimi ni mama Mkenya, naishi huku ughaibuni, mtaa wa Husby, na wanangu wawili, na mwaka wa nne huu nasafisha ofisi moja mjini, naingia saa kumi na moja alfajiri natoka wenyewe wanapoanza kufika, na sabuni tunayopewa haina harufu hata chembe, unapiga deki mpaka mgongo unalia na ukimaliza ni kama hukufika, na wakinikuta kwenye ngazi wanasema tu "yule wa usafi". Sasa mwenzangu kazini, Remedios, Mhispania, kila Julai huenda kwao kwa gari na kurudi na chupa za sabuni ya sakafu, za maua ya lavenda, za ndimu, wee Mama, ukifungua ile ya lavenda unasahau kama nje kuna theluji! Nikanunua kwake, nikaipeleka kazini, na kesho yake nikakuta karatasi mezani, "Asante, leo panapendeza," asante ya kwanza kwa miaka minne, ninayo ndani ya Biblia mpaka sasa. Basi nikazidisha, kifuniko kimoja kikawa vitatu, vitatu vikawa nusu chupa, na Jumatatu karani mmoja, Birgitta, kifua kikambana akarudishwa nyumbani, na msimamizi akaniita akaniambia nikirudia sina kazi. Eti harufu nzuri inaumiza! Na sigara wanazovuta humo ndani kutwa nzima, majivu nayafagia mimi, hizo hazimuumizi mtu? Nina chupa tano kabatini na kesho nataka kumwaga moja nzima, potelea mbali. Nifanyeje?

Msafishaji, Husby

Mama wa Husby,

Hiyo chupa iache kabatini kwanza, ndipo tuzungumze.

Hasira yako naielewa, na hilo la sigara limenichoma hata mimi. Lakini nusu chupa, mama? Nusu chupa! Kama Kihispania hukijui, Remedios yupo, angekusomea kipimo. Birgitta hakukukosea lolote. Angekuwa mwanao ndiye aliyebanwa kifua, ungeshafika hapo ofisini na mwiko mkononi.

Halafu tusidanganyane. Sakafu ile ilikuwa safi miaka yote minne. Ulichotaka ni wajue kwamba kuna mtu amepita, na hiyo ni haki yako kabisa, tena ni aibu yao kwamba imebidi sabuni ndiyo iwaambie.

Fanya hivi. Lavenda pigia deki nyumbani kwako, kifuniko kimoja, na dirisha wazi. Kazini tumia ile yao, maana wanao wanakula kwa kazi hiyo. Birgitta akirudi, siku hiyo usikimbilie treni. Msubiri pale kwenye ngazi, umpe pole kwa mdomo wako na umtajie jina lako. Kisha nenda kwa msimamizi, uombe zamu inayokutana na wenye ofisi hata kwa saa moja, na habari ya sigara umwambie hapo hapo bila kupiga kelele.

Jina, nasema. Miaka minne wamekuita "yule wa usafi" ukaumia, sasa mimi umeniandikia ukurasa mzima na chini ukatia sahihi "Msafishaji". Mama, kwani wewe unaitwa nani?