Dishi la Kufunga Mvua

Jumatatu, 13 Oktoba

Taa nyekundu tena asubuhi! Siku ya tatu sasa, chai ikiwa bado mdomoni.

Kazi yangu ni taa. Programu ya bosi wangu Jabiri inanunua na kuuza sarafu za mtandao yenyewe, mchana kutwa, kwa hii laptopu iliyo juu ya meza yetu hapa kijijini Tulia. Mimi sinunui, siuzi. Naangalia laini ya intaneti, kwa taa iliyo kwenye skrini. Kijani – laini iko sawa. Manjano – inachelewa. Nyekundu – imekatika. Na ikikatika tredi ikiwa wazi, yaani tumenunua na hatujauza, ole wetu, maana ile amri ya kukata hasara, ya kuuza bei ikishuka, inakaa humu humu ndani ya laptopu, si kule sokoni mtandaoni. Bei ikiporomoka tukiwa gizani, hakuna wa kutushika mkono. Kwa hivyo manjano ikianza kung'ang'ania, mimi nafunga tredi kwa mkono.

Nimechukua ngazi nikapanda paa la jikoni. Nimekuta nini? Sinia! Mwaitu, mama yangu mzazi, ameanika mbegu za ndengu, choroko zake za kupanda, juu ya dishi la intaneti. Ati ndipo mahali pa pekee kuku hawafiki. "Si hii ni meza?" Nimecheka nusura nianguke. Nikamweleza dishi linaongea na angani, na sinia ni kama kumziba mtu mdomo. Akasema hata yeye anaongea na angani kila siku na hajawahi kuhitaji dishi.

Sinia limeshuka. Taa ni kijani. Mwaitu amenuna kidogo.


Jumatano, 15 Oktoba

Laini safi ajabu tangu sinia lishuke. Jabiri amepiga kutoka Kitui kunisifu. Ati huko mjini barabara inachimbwa, kebo inakatwa kila siku, na mimi huku kwa mbuzi nina laini kuliko yeye. Nikamwambia kwa mara ya mia, kodisha kompyuta huko ng'ambo, ikae karibu na soko, tusiwe tunategemea paa la jikoni. Hataki. Hawezi kulaza pesa za watu kwa kompyuta ya mtu asiyemjua hata kwa jina. Nyumbani kwangu anapajua mpaka mlango.

Siri ya laini safi ni moja. Hakuna wingu. Tangu Mei hakuna wingu! Dishi linaona mbingu wazi kutoka asubuhi mpaka jioni.

Leo mwenye punda ameleta maji, mitungi sita. Nimelipa mimi. Unga pia ni mimi. Halafu Mwaitu akaombea chakula, na kama kawaida akamaliza na "utupe mvua, Baba." Nikautazama ugali mkononi. Huu ugali umenunuliwa na kiangazi! Hakuna mwingine kijiji hiki anayelishwa na kiangazi, ni sisi tu, na yeye hajui.

Nimemwambia pia mvua ikija na radi asichomoe waya wa dishi. Akasema yeye radi ikipiga anachomoa kila kitu, hajui redio wala dishi. Mama yake alimfundisha hivyo na hajapigwa mpaka leo.


Jumapili, 19 Oktoba

Pasta Mulei ametangaza kufunga na kuomba mvua, kila Jumatano mpaka inyeshe. Kanisa zima likapiga magoti. Akina mama wanalia kabisa.

Nami nikapiga magoti. Nikafunga macho. Na moyo wangu – aki sijui ulitoka wapi – ukasema, "Si wiki hii, Bwana."

Kwa sababu Jabiri amesema mwisho wa mwaka ataamua. Laini ikikaa vizuri mimi ni wa kudumu. Isipokaa, anarudisha mashine mjini. Nirudi kuuza nyanya? Nyanya gani, na mashamba ni majivu?

Dua la kuku halimpati mwewe. Nimejiambia hivyo njia nzima nikirudi nyumbani. Mungu ana akina mama mia wanalia, atanisikia mimi?


Jumanne, 21 Oktoba

Mwaitu amepanda kavu. Shamba lote. Vumbi mpaka kwenye kope. Anachimba kashimo kwa jembe, mimi nyuma na kikapu nadondosha ndengu mbili tatu, nafukia kwa mguu. Hivi ndivyo sisi Wakamba tunavyopanda, unatangulia mvua ikukute tayari. Isipokuja, ni mchwa na kware wanaokula, na mbegu huna tena.

Nilikuwa nakimbia ndani kila mara kuangalia taa. Mwaitu akaniambia, "Unakimbilia hiyo taa kama una mtoto mchanga ndani." Nikacheka. Yeye pia.

Ndengu zote ziko ardhini. Hakubakisha hata kikombe.


Ijumaa, 24 Oktoba

Wingu! Kutoka saa tano asubuhi, jeusi, zito, limeshuka mpaka kwenye vilima. Watu wameacha soko wamesimama barabarani wameinua shingo. Taa yangu ikawa manjano, ikakaa manjano. Nikafunga tredi.

Nusu saa baadaye wingu likapasuka likaenda zake. Hata tone! Na bei ikapanda kama kichaa, sisi tukiwa nje. Jabiri amenifokea kwenye simu. Sijawahi kumsikia hivyo. Ati mimi naogopa wingu kama mbuzi.

Lakini nitaandika ukweli, hapa hakuna mwingine wa kusoma. Lile wingu lilipoondoka nilifurahi. Nilipumua! Halafu nikatoka nje nikamkuta Mwaitu amekaa kwenye kigogo, anaangalia shamba. Nikamletea chai. Hakuinywa.

Jioni Musyimi ameniita pale kwenye ua wa mpaka. Jirani yetu, mwenye tanuri la matofali. Miaka yote mvua ikichelewa lawama ni yake, ati moshi wa tanuri unafunga mvua. Mwaka juzi vijana walimbomolea tanuri lote. Leo anacheka meno yote nje. "Pole, Mutindi. Sasa ni zamu yako. Wanasema ni dishi. Ati wingu lilifika juu ya paa lenu likageuka."

Nikamwambia hiyo ni akili ya wapi! Akasogea karibu, akapunguza sauti. Ana matofali mabichi ameyapanga nje, mvua moja tu ni matope. "Mimi na wewe tunaelewana. Hatusemi, lakini tunaelewana."

Nikamwambia ashindwe. Nimeingia ndani masikio yanawaka moto.


Jumapili, 26 Oktoba

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Leo limefika kanisani.

Wakati wa matangazo mzee mmoja wa kanisa akasimama. Tumefunga, tumeomba, mawingu yanakuja yanarudi. Tujiulize basi kama hapa katikati yetu hakuna kitu kinachoyafukuza. Hakutaja mtu. Vichwa vikageuka vyenyewe. Musyimi alikuwa ametulia tuli kwa benchi lake, mtu aliyetua mzigo.

Pasta akataka kuingilia, lakini Mwaitu alikuwa ameshasimama. Mwanamke mfupi yule, na kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande.

"Hilo dishi naliona kila asubuhi," akasema. "Ni bati na waya. Na mwenye dishi nimemzaa mimi. Juzi nimepanda kavu shamba lote, na yeye ndiye alinibebea mbegu. Sasa mnaniambia mtoto aliyenibebea mbegu ndiye anaomba mvua isije? Kwangu hakuna mtu wa hivyo. Kama yuko, Mungu anionyeshe kwa macho yangu mwenyewe."

Kanisa lote likasema amina. Na mimi nikasema. Jamani, nilisema amina kwa sauti!

Njiani alinishika mkono kama mtoto. Akasema, "Usijali maneno ya watu." Nilitaka kumwambia. Badala yake nikamwekea kitambaa chake sawa.


Alhamisi, 30 Oktoba

Mchwa wameanza. Mwaitu amefukua vishimo viwili kuangalia, kimoja ni tupu. Amefukia akarudi jikoni.

Laini safi kabisa. Kijani siku nzima. Naichukia hiyo rangi.


Jumatatu, 3 Novemba

Nimejaribu kuomba vizuri leo. Kwa magoti, kwa nia. Nikasema, lete mvua, Bwana. Halafu nikaongeza, lakini usiku, tredi zikiwa zimefungwa. Mungu hata hajacheka, nadhani.

Nimefikiria kumpigia Jabiri nimwambie nimeacha. Halafu nikaangalia lile debe la unga. Umebaki wa leo na kesho. Nkt.


Jumatano, 5 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa dirishani, kwa sababu sina kazi nyingine ya kuipa mikono.

Mchana joto lilikuwa la kuua. Siku ya kufunga, Mwaitu hajala kitu tangu jana. Saa nane hivi upepo ukageuka ukaleta ile harufu ya vumbi lililoloa mahali pengine. Akatoka jikoni akasimama uani, pua juu. Wingu lilikuwa limejaa mashariki yote.

Na tredi iko wazi. Kubwa! Jabiri ameifungua mwenyewe asubuhi, ametia humo karibu kila kitu cha wateja wake. Nikampigia. Nifunge, wingu linakuja. Akasema, "Mutindi, ngoja kidogo. Bei inapanda. Usinifanyie kama ile siku." Taa ilikuwa tayari manjano. Nikangoja. Hapo sitamlaumu. Kuona taa ni kazi yangu, si yake.

Radi ya kwanza ikatingisha madirisha. Nikabonyeza kufunga. Skrini ikaandika "inatuma". Halafu nyekundu.

Inatuma. Inatuma. Sijui kama amri imefika. Sijui kama tumefunga ama bado tuko ndani, na bei inaenda wapi sijui, sioni chochote.

Na mvua – jamani mvua! – ikaangukia mabati kama mtu amemwaga kokoto. Vigelegele kila boma. Niliona Musyimi kupitia dirishani akikimbia na nailoni, anafunika matofali, anaanguka, anaamka. Mwaitu alikuwa anacheka, anaimba, ananiita. Mutindi! Leta beseni! Leta sufuria, mfereji wa paa umelegea, njoo tuushike! Nikajibu nakuja. Sikwenda. Nikainua laptopu, nikasogea nayo dirishani, kana kwamba hiyo itasaidia kitu.

Ndipo nikapiga magoti. Sikupanga. Nikamwita Mungu kwa Kikamba, kwa sauti, "Ngai, simamisha mbua, hii mvua. Kidogo tu. Dakika moja, Ngai wakwa, isimame." Kwa sauti kubwa, kwa sababu ya mabati. Nilidhani kwa kelele ile hakuna anayeweza kusikia.

Nyuma yangu sufuria ikawekwa chini.

Mwaitu alikuwa mlangoni, maji yanamtiririka mpaka sakafuni. Amekuja kufanya kile anachofanya radi ikipiga. Akachukua leso akafunika kioo cha ukutani. Akachomoa redio. Akachomoa chaja ya simu yake. Akafika kwa waya wa dishi, akaushika. Akaniangalia pale nilipokuwa, bado kwa magoti.

Akauacha.

Angeuchomoa! Angenitusi, angenipiga kofi, ningejua pa kuanzia. Niliita, "Mwaitu –" Ameokota sufuria yake ametoka.

Sasa naandika. Simu inalia, ni Jabiri, imelia mara nne. Sijashika. Nitamwambia nini? Mfereji umeng'oka upande mmoja na Mwaitu ameushika peke yake kwa mikono miwili juu ya kichwa, maji mengi yanamwagikia mabegani, machache yanaingia kwenye pipa. Haimbi tena. Hajaniita tena pia. Niende. Naenda sasa hivi, nimalize tu hii –

Mabati yamepunguza kelele.

Hapana. Hapana, ni masikio yangu.

Inapungua. Ngai wakwa, inapungua! Hata udongo haujaloa, mbegu bado hazijasikia kitu! Nasikia watu kwa boma la pili wamenyamaza. Kila mtu anaangalia mbingu.

Mwaitu haangalii mbingu. Bado ameshika mfereji, umekauka mdomo, na ameangalia dirisha langu.

Taa ni kijani.